Salamu Ndefu ya Besweri

Yunia aliburuta kisigino juu ya shuka akikivuta kuelekea kwake, kama alivyofundishwa hospitali, akauma meno. Goti lilikunjika kidogo, likagoma. Ndani mle walimwekea chuma, na chuma hicho kilikuwa na hasira kuliko mfupa waliouondoa. Kila asubuhi aliogopa kwamba mshono utafumuka, au kitu kitateguka ndani kabisa pasipoonekana. Leo aliogopa zaidi, kwa sababu mashemeji zake walikuwa wanakuja.

"Pumua, mama," alisema binti yake Pulisika, akimshika kifundo cha mguu. "Ukibana pumzi linauma zaidi."

"Linauma hata nikipumua. Lingekuwa bawaba ya mlango ningelitia mafuta."

Walicheka kidogo, kisha wakakumbuka msiba.

Mumewe Kalooli alizikwa mvua zilipoanza. Hata matanga hayajaanuliwa, Besweri, kaka wa marehemu, alishazunguka shamba la migomba akilipima kwa hatua zake. Ukoo ukamvika nguo ya gome Daudi, mtoto wa huyo huyo Besweri, akawa mrithi. Kijana ambaye hajawahi kung'oa hata jani moja la magugu pale. Mjane arudi kwao, wakasema. Kwao wapi? Wazazi walishakufa, na nyumba yao ilibaki kichuguu. Kilichomwokoa Yunia ni kwamba siku zake za upasuaji zilikuwa zimefika, na mgonjwa hatolewi nyumbani, hilo hata Besweri asingethubutu. Basi wakangoja. Leo walikuwa wanakuja kumjulia hali.

Kwetu mwanamke hujua kupiga magoti kabla hajajua kusema. Humpigia baba, mume, shemeji, hata kijana wa juzi akishavikwa gome. Halafu tunashangaa magoti ya mama zetu yanakwisha mapema.

Mama wa mazoezi pale hospitali alimwonya waziwazi: kunja, nyoosha, tembea ukiegemea fremu yako ya miguu minne, lakini goti hili usilipige chini, nyuzi tumetoa juzi tu. Pulisika akaenda kwa Besweri kumweleza hayo. Alieleza akiwa amepiga magoti kibarazani, na mzee hakumwambia inuka. Alimsikiliza mpaka mwisho, akasema mama yako asiwe na wasiwasi, sisi ni watu.

Jibu hilo ndilo lililomnyima Yunia usingizi.

"Kaa kitini tu," Pulisika alimsihi huku akimfunga mkanda wa gomesi, gauni lake la heshima. "Wewe ni mgonjwa."

"Nikiwasalimu kutoka kitini watasema nimewatukana kwenye nyumba ya ndugu yao. Hapo watanitoa na kijiji kizima kitawapigia makofi."

Walifika jua likiwa juu. Wanaume walichukua viti vyote. Wanawake walikaa mkekani, miguu wameikunja upande mmoja, na mbele yao wifi yake Yunia, bibi Katalina. Daudi alikalia kiti cha marehemu, simu mkononi. Yunia alitoka chumbani akisukuma fremu yake, na kila mguu wa fremu uliogonga sakafu ulisikika.

Walimwangalia. Besweri alijisafisha koo, akasema hewani, kama mtu anayeulizia chumvi:

"Mwenye nyumba hajatusalimu."

"Shemeji, nisamehe," alisema Yunia. "Daktari amenikataza."

"Daktari huyo ni wa ukoo gani?"

Wanaume wakacheka. Daudi alicheka bila kuinua macho. Pulisika alifungua mdomo, akatazamwa na baba yake mkubwa, akaufunga. Katalina akagusa pindo la gomesi la Yunia.

"Piga tu, wifi yangu," alinong'ona. "Sisi sote yanatuuma."

Yunia aliutazama mkeka. Alikuwa ameusuka mwenyewe, lakini leo ulionekana uko mbali sana, chini kabisa. Jasho lilimtoka kwapani. Aliiachia fremu mkono mmoja, kisha wa pili, akamwegemea Pulisika, akatanguliza goti zima. Likafuata lile la chuma.

Maumivu yalipanda mpaka kwenye meno. Hakupiga kelele. Alisalimu kwa macho yaliyoinama kama mwali, akangoja kuitikiwa ainuke.

Salamu zetu ni ndefu, na aliyeanza hainuki mpaka zimalizike. Besweri alimshukuru kwa kazi, kama salamu zinavyoanza. Akauliza habari za nyumbani. Akauliza za migomba, za majirani, za mbuzi aliyezaa. Yunia alijibu, nzuri, nzuri, wazima, huku akishika mkeka kwa vidole. Besweri akauliza kama mvua imefika huku. Kisha akarudi kwa majirani, mmoja mmoja, kwa majina. Chini ya bandeji kitu cha moto kilianza kushuka, taratibu, kuelekea kwenye muundi. Ee Mungu, aliwaza Yunia, kimefumuka. Akajibu kwamba jirani huyo ni mzima.

Hatimaye mzee aliegemea nyuma akapumua kwa kuridhika.

"Mmeona wenyewe," aliwaambia wenzake. "Tulikuja kumtazama mgonjwa. Mgonjwa yuko wapi hapa? Goti limekunjika, limesalimu vizuri kabisa, kwa adabu zote. Namshukuru Mungu. Mtu aliyepona anaweza kusafiri kwenda kwao."

Wazee waliitikia kwamba ni kweli, wameona. Katalina aliinamisha kichwa.

"Baba mkubwa, anatoka damu," alisema Pulisika.

"Nenda katuangalizie chakula, mwanangu."

Pulisika hakwenda. Alimshika mama yake kwapani akavuta, lakini goti lilikuwa limegoma hapo lilipo, na kila alipovuta Yunia alitetemeka mwili mzima, akamwomba kwa kichwa aache. Wanaume walikuwa wamehamia kwenye habari ya migomba, ipi ikatwe, ipi iachwe. Yunia alinyoosha mkono kutafuta fremu ajiinulie.

Haikuwepo. Daudi alikuwa ameisogeza karibu na kiti cha marehemu alichokalia, akaitundikia koti lake.