Nani Atahesabu Rangi?

Mimi nimestaafu, ila mwili wangu bado haujaambiwa. Kwa miaka thelathini na minne, katika kiwanda cha miavuli cha Tajiri Kuruvila hapa Alappuzha, kazi yangu ilikuwa moja: kusimama mbele ya feni kubwa kama gurudumu la trekta, mwavuli mkononi, nione nani atasalimu amri kwanza, upepo au mbavu za mwavuli. Mwaka wa themanini na tisa mbavu zilikataa, mpini nao ukakataa kuachia mkono wangu, nikavuka ziwa la Vembanad hewani mpaka Kumarakom. Nilikula samaki kwa shemeji, nikarudi kwa feri. Asiyeamini amuulize shemeji. Amefariki, lakini amuulize.

Nasema haya mjue kwamba miavuli naijua. Rangi ndizo zilizonishinda.

Kwetu Juni ina mambo mawili: mvua zinafunguka na shule zinafunguliwa, mara nyingi asubuhi moja, kana kwamba zimeandikiana mkataba. Mtoto akionekana barabarani siku hiyo na mwavuli wa mwaka jana, majirani humwuliza kama baba yake yu hai. Mwaka ule Tajiri aliamua kutoa mwavuli wa watoto wenye rangi za upinde wa mvua. Akaagiza vitambaa Surat, rangi saba. Zikafika sita. Nili, ile buluu iliyokolea, ilikuwa imeshushwa stesheni ambayo hata karani wa reli hakuweza kuitaja jina.

Nilikuwa nimestaafu mwaka wa pili, lakini kila msimu nilirudi kuisalimia feni, na Tajiri alinikuta hapo.

"Pathrose, nili haipo. Tufanyeje?"

"Tuiruke."

"Upinde wa rangi sita?"

"Nani atahesabu rangi, Tajiri? Watoto wa darasa la pili?"

Tena hesabu yenyewe ilikuwa mbovu tangu mwanzo. Upinde una rangi saba, mwavuli una vipande vinane. Sasa tulikuwa na rangi sita na vipande viwili vitupu. Tukavishona vyeupe, na juu yake Tajiri akachapisha maneno ya kiwanda, yale aliyoyatunga marehemu baba yake mwaka 1957, mtu aliyekuwa na watoto kumi na mmoja na mwavuli mmoja: CHINI HAPA KUNA NAFASI.

Shinoj, mkata vitambaa wetu, aliugeuza mwavuli wa kwanza mikononi, akakohoa.

"Tajiri, una uhakika?"

"Na nini?"

"Na... rangi."

"Hazichuji. Nimeziloweka mwenyewe usiku kucha."

"Haya," akasema Shinoj, akashika mkasi.

Siku tatu baada ya shule kufunguliwa, kijana mmoja wa Kochi akaupiga picha mwavuli ule akaitupa mtandaoni: *Hatimaye kampuni ya nyumbani imesema!* Kufikia jioni simu ya ofisi, ambayo kwa desturi hulia mara tatu kwa siku, na mbili kati ya hizo ni mke wa Tajiri, ililia mpaka ikapata moto. Nilikaanga yai juu yake. Nusu walitubariki, nusu walitulaani, na Tajiri aliwajibu wote, "Asante, wa saizi gani?"

Mwishowe mmoja alimwonea huruma akamweleza: rangi sita zile, mstari kwa mstari, ndiyo bendera ya wapenzi wa jinsia moja dunia nzima. Na Juni ndio mwezi wao.

"Mwezi wao?" Tajiri alifoka. "Juni ni mwezi *wangu*!"

Alhamisi asubuhi akashuka kwenye treni ya Bengaluru binti mmoja wa kampuni ya matangazo, jina lake Tanvi, miwani yake mikubwa kuliko uso. Tajiri alikuwa amekunja msuli juu ya magoti, na mwanamume wa kwetu akikunja msuli hivyo, ama anataka kuvuka mfereji ama anataka ugomvi. Mezani, simu ilikuwa imefunguliwa sauti. Ndani yake alikuwamo wakala wetu wa Thrissur. Mimi nilikaa pembeni nikinywa chai ya rangi. Nyuma ya ukuta wa mbao feni ilikuwa imeharibika tena, na Premjith, fundi wa feni tunayemwita kutoka nje, alikuwa juu ya ngazi na bisibisi yake.

"Mjomba," akaanza Tanvi, "ukinyamaza sasa watasema ulizitaka pesa za vijana tu. Toka useme uko pamoja nao. Kule kwetu makampuni yote hubadilisha nembo mwezi huu, yanaweka rangi."

"Na mwezi wa saba?"

"Yanarudisha ya zamani."

"Basi hiyo ni suti ya kuazima harusini."

"Umeona!" simu ikadakia. "Kuruvila, sema huna uhusiano na watu wa namna hiyo. Sentensi moja tu, niibandike dukani. Isipofika Jumamosi adhuhuri, makatoni yako yote nayarudisha. Wewe umekuwa mwanaharakati lini, ndugu yangu?"

"Mimi nauza miavuli!" Tajiri akapiga meza. "Maoni siuzi. Mteja akija namuuliza urefu wake, simuulizi analala na nani. Kwa nini ninyi wote mnataka niseme?"

"Kwa sababu umeshasema, Mjomba," Tanvi akajibu. "Uliandika kuna nafasi. Watu wanauliza tu kama ulimaanisha."

Tajiri alinitazama mimi. Mimi nilitazama chai.

"Mwiteni Shinoj."

Matangazo yote ya kiwanda yalitoka mkononi mwa Shinoj: sikukuu, misiba, kukatika maji. Mwandiko wake ulikuwa mzuri mpaka watu walikuwa wakiyabandua matangazo ya misiba wakayatundike sebuleni. Akaja, akaketi, akafungua kalamu.

"Andika," Tajiri akasema. "Kampuni yetu inapenda kuwafahamisha wateja kwamba haina uhusiano wowote na watu wa namna hiyo."

Kalamu ikateleza vizuri. Ilipofika kwenye *wowote na*, ikasimama.

"Tajiri. 'Watu wa namna hiyo' niandike kwa herufi kubwa au ndogo?"

"Ndogo. Kubwa za nini?"

"Basi nitaenea," akasema Shinoj. "Mimi si mtu mkubwa."

Nyuma ya ukuta bisibisi ilianguka sakafuni.

Sikilizeni. Shinoj na Premjith walikuwa wakiishi nyumba moja ng'ambo ya mfereji kwa miaka tisa. Hakuna aliyekuwa hajui. Lakini kujua ni kama kuwa na paka: yupo, anapita, hakuna anayemtangaza. Siku ile paka alipanda mezani.

"Nitaimalizia," Shinoj akaendelea, taratibu, "maana nimeajiriwa kuandika. Ila nikishaweka nukta, mkasi wako huo hapo. Siwezi kuandika asubuhi kwamba hatuna uhusiano, halafu mchana nikaja kukukatia vitambaa."

"Halo?" ikasema simu. "Kuruvila? Umeandika?"

Tajiri akaizima.

Macho ya Tanvi yaliwaka kama taa za gari. "Kaka! Ni wewe! Picha yako, mwavuli, mvua inanyesha nyuma..."

"Dada, mama yangu yuko Cherthala na anasoma gazeti mpaka bei za pilipili. Niwie radhi. Nimechoka kufichwa, lakini sikuomba kubandikwa ukutani."

"Sasa unataka nini?" Tajiri akauliza, na nikaona msuli wake umeshuka mpaka kwenye vifundo. Kwetu hiyo ni heshima.

Shinoj akafunga kalamu, akarudi kwenye meza yake ya kukatia. Sentensi ikabaki pale haina mkia.

Tulipobaki wawili, Tajiri akaniinamia. "Kumi na tisa! Misimu kumi na tisa amenikatia. Pathrose, anataka nini huyu?"

"Feni yako huharibika kila Alhamisi," nikasema.

"Ni kuukuu."

"Jumatatu pia ni kuukuu, mbona haiharibiki?"

Nikamwambia. Kuna skrubu moja nyuma ya feni, ya tatu kutoka juu. Miaka tisa, kila Alhamisi asubuhi, kuna mkono unailegeza. Niliuona mkono huo, wa Shinoj, mapema kabisa, nikanyamaza, kwanza kwa sababu haikunihusu, pili kwa sababu Premjith akija hutuletea bajia za dengu.

"Lakini wanaishi nyumba moja!" Tajiri akashangaa. "Skrubu ya nini?"

"Wake za wenzake huja getini na chakula cha mchana, Tajiri. Premjith aje kwa kisingizio gani?"

Tajiri akamimina chai yangu kikombeni mwake akainywa yote.

Sasa kuna desturi ya kiwanda kile, ya tangu marehemu baba. Jumamosi ya kwanza ya mvua kila mfanyakazi hupewa mwavuli. Asiye na mwenza hupata wa mmoja. Mwenye mwenza hupata wa wawili, mpana kama paa la kibanda, na kwenye ukanda wa kufungia yameshonwa majina yote mawili. Orodha huiandika Shinoj. Majina huyashona Shinoj. Kwa misimu kumi na tisa alikuwa akishona majina ya waume na wake za watu, halafu anaenda nyumbani na wa mmoja.

Ijumaa Tajiri alimpelekea daftari la orodha mwenyewe, jambo ambalo halijapata kutokea.

"Ya kesho," akasema. "Mwaka huu siikagui. Utakachoandika nitakisoma kama kilivyo."

"Kama kilivyo?"

"Macho yangu yamechoka."

Shinoj alilitazama daftari. "Na ile sentensi?"

"Ile nitaandika mimi. Mwandiko wangu ni kama kuku kapita kwenye tope, lakini ni wangu."

Sijui walizungumza nini usiku ule ng'ambo ya mfereji. Nilijaribu kujua, nilipita mara tatu, mbwa akanifukuza. Taa ilikuwa inawaka.

Jumamosi mvua ilishuka kwa ndoo. Tukajaa chini ya turubai uani, waume, wake, vikapu vya vyakula. Premjith alisimama mbali, getini, amevaa shati lililopigwa pasi, bila bisibisi, hajui mikono aiweke wapi. Tajiri akavaa miwani akaanza kusoma. Ouseph na Thresia. Makofi. Gopalan na Vilasini. Makofi. Akageuza ukurasa.

"Shinoj na..."

Akasimama. Naapa mvua nayo ilisimama, hewani, matone yakining'inia. Moja lilikuwa usawa wa pua yangu. Nililihesabia rangi mpaka saba, na nili ikiwemo. Shinoj alikuwa akitazama viatu vyake. Ukanda ulikuwa umeshashonwa. Tajiri angeweza kuruka jina lile kama mimi nilivyoiruka nili, nani angehesabu?

"...na Premjith," Tajiri akasoma, kwa sauti ileile ya wengine. "Wa feni."

Kisha Sarasamma, fundi wa cherehani ya tatu, akapiga paja lake. "Mungu wangu! Ndiyo maana feni haikupona miaka tisa!"

Turubai karibu lianguke kwa kicheko. Premjith aliupita ua wote huo akiwa amelowa chepechepe, akaushika mpini wa mwavuli pamoja na Shinoj, wakaufungua. Si wote waliocheka. Ittoop wa stoo alichukua mwavuli wake akaondoka bila kunywa chai, na mpaka Onam, sikukuu yetu ya mavuno, alikuwa akimsemesha Shinoj kwa kupitia mimi, hata kama tumekaa benchi moja. "Mwambie anipishe." "Kasema umpishe."

Adhuhuri Tajiri alibandika tangazo lake getini, na Tanvi akalipiga picha akalipeleka kila mahali. Liliandikwa hivi, nalikumbuka kwa sababu ilinibidi niwasomee wote wasioweza kusoma miguu ya kuku:

*Wateja wapendwa. Rangi ni sita kwa sababu nili imechelewa kutoka Surat. Bendera ya watu hatukuikusudia. Maneno ya kwenye vipande vyeupe tuliyaandika 1957 na tuliyakusudia. Hatuyafuti, na hatubagui wa kuingia. — Kuruvila*

"Mjomba, huu si msimamo!" Tanvi akalalamika.

"Huo ni msimamo!" wakala wa Thrissur akapiga kelele simuni, na makatoni yakarudi yote. Jumatatu yakaenda Kochi. Binti aliondoka na mwavuli mmoja chini ya kwapa, na nilimwona kwenye jukwaa la stesheni akiufungua na kuufunga, akisoma.

Nili ilifika Julai. Tajiri aliniuliza sasa aipeleke wapi. Nikamwambia aiweke stoo, Ittoop ailinde, apate kitu cha kununia.

Alhamisi ya kwanza baada ya ile Jumamosi ya miavuli nilikwenda kuisalimia feni. Ilizunguka vizuri, haikohoi. Nikaigusa skrubu ya tatu kutoka juu: imekazwa kabisa. Saa sita na nusu Premjith akatokea getini na chakula cha wawili kwenye kikapu, akapita moja kwa moja mpaka kwenye meza ya kukatia, hakuna aliyemwuliza kisingizio. Hakutuletea bajia. Hakuwa na sababu.

Nikasubiri mpaka wote wameinamia sahani zao, nikachukua bisibisi, nikairudia skrubu ya tatu.