Nilisema Ni Tatu

Niliota usiku wa jana kwamba jogoo wa mama yangu amekuja Njombe kunishtaki.

Alikuwa amesimama mlangoni mwa ukumbi tunaofanyia mafunzo, amevaa beji yenye jina kama sisi wote, na haki ilikuwa upande wake. Inabidi nieleze. Mimi ni muuguzi, na huu ni mwezi wa pili najifunza kutibu kiwewe kwa kupitia mwili. Mtu hasimulii tu yaliyompata, anaulizwa anayasikia wapi mwilini, kifuani au magotini, na tunaanzia hapo, polepole. Tunafanya mazoezi watatu watatu: mmoja mteja, mmoja mtabibu, mmoja anatazama na kuandika. Mwalimu wetu, Kokushubila, ana sharti moja ambalo halifanyii mzaha. Anayekuwa mteja alete jambo dogo, lenye uzito wa tatu kwenye kipimo cha kumi. Jambo la kumi haliletwi kwa mwanafunzi mwenzako.

Juzi ilikuwa zamu yangu. Nilisema ni tatu, nikasema utotoni nilidonolewa na jogoo. Ambakisye, mwenzangu wa kundi, alinihudumia kwa habari ya jogoo huyo dakika arobaini nzima, kwa upole wa ajabu, na mimi nikalia kweli kweli. Akafurahi, akadhani ana kipaji. Sikuwa namlilia jogoo.

"Mimi sijawahi kumdonoa mtu," jogoo alimwambia Mwalimu Kokushubila. "Nimetumiwa."

Mwalimu aliandika hayo kwenye daftari, akaniambia bila hasira kwamba sheria inajulikana: aliyedanganya kipimo anahudumiwa na jambo lenyewe. Nikajitetea kwamba sheria hiyo hatukufundishwa. Akanionyesha ukutani, na kweli ilikuwa imeandikwa, chini ya ratiba ya chai.

Nikaambiwa nikae. Kiti kikaniuliza kama nakiruhusu kiniguse mgongo, maana kwetu hakuna kugusa kabla ya kuomba ruhusa. Nikasema ndiyo. Kikauliza kuhusu mapaja, nikasema ndiyo. Kikauliza kuhusu kisogo, ambacho hata hakikifikii, na hapo nikajua kwamba na chenyewe kinaogopa, kinavuta muda.

Kisha anaingia.

Ni mwanamume wa makamo mwenye koti la mvua na panga, na beji yake imeandikwa KUMI. Namfahamu. Tumbo langu linamfahamu kabla yangu. Namwamkia shikamoo kwa sababu ni mkubwa kwangu, naye anaitikia marahaba vizuri tu, anavuta kiti, analaza panga mapajani.

"Ukiniona," ananiuliza, kwa sauti ile ile ya upole tunayofundishwa, "unasikia wapi mwilini?"

Nataka kusema pote, lakini ile shikamoo ilikuwa ndiyo sauti yangu ya mwisho.

"Chukua muda wako," anasema. "Unaniruhusu nisogee hatua moja?"

Nafungua kinywa, hakitoki kitu. Mwalimu anamkumbusha kwamba kunyamaza si ruhusa, kwa hiyo asubiri. Anakubali. Ni mwanafunzi mzuri, na hilo ndilo linalonitisha zaidi. Yeye hasogei hata kidogo. Unaosogea ni ukuta ulio nyuma yangu. Kila anapouliza nami nikashindwa kujibu, ukuta unanisukuma kwa adabu, shubiri moja, kuelekea kwake.

Mara ya nne ukumbi haupo tena. Nimejikunja kwenye stoo ya zahanati, nyuma ya maboksi ya glavu, kama nilivyojikunja miaka sita iliyopita.

Jioni ile jua lilikuwa halijazama. Watu watatu, mmoja wao huyu mwenye koti la mvua, walikuja kuvunja kabati la dawa. Mlinzi wetu, Mzee Ngailo, alikuwa bombani anaosha miguu, amewapa mgongo. Mimi niliwaona dirishani kabla yake. Niliwaona kwa muda wa kutosha kabisa kuita jina lake, na sikuita. Niliingia nyuma ya maboksi nikasikiliza wakimpiga. Hakufa. Alilazwa hospitali miezi miwili, kisha mwanawe akamchukua wakaishi wote Makambako, na tangu hapo sijampigia simu hata ya kumjulia hali. Namba yake ninayo. Naona aibu, basi, sina jina lingine la jambo hilo.

Mle stoo Mwalimu Kokushubila amechuchumaa kando yangu na kijiko cha chai. Ametufundisha kwamba jambo zito huletwa kidogo kidogo, na ndivyo alivyolileta: analichota kwenye bakuli na kunilisha pigo moja moja. Kijiko cha kwanza ni rungu. Cha pili ni mzee akisema "jamani". Cha tatu ni rungu tena. Bakuli bado limejaa.

"Meza, Tusekile, kisha pumua," ananiambia.

Simameni, nayaambia magoti yangu kimoyomoyo. Mzee bado anaosha miguu. Nafasi tunayo.

"Hapana," linasema goti la kulia. "Hata siku ile ulituambia hivyo hivyo."

Nalijibu kwamba sikuwaambia kitu, niliogopa nikajificha, kila mtu anajua.

"Ulituambia mara tatu," linasema la kushoto. "Ulitaka kutoka. Sisi ndio tuliokataa. Tulikufunga, tukafunga na koo, kwa sababu wao walikuwa watatu na wewe ulikuwa na mkasi wa bandeji."

Maneno hayo, katika miaka yangu ya uuguzi, nimewaambia watu arobaini na moja. Nimekaa mbele yao na uso wangu wa huruma nikawaambia: mwili wako uliganda ili uishi, hukuwa mwoga. Wengine waliondoka wamenyooka mgongo. Mimi sikuyaamini kwa ajili yangu hata siku moja. Niliyaona ni maneno mazuri ya kuwapa wateja. Sasa nayasikia kutoka kwenye magoti yangu mwenyewe, na yananitisha kuliko panga, maana kama ni kweli, basi miaka sita nimemkimbia yule mzee bure.

Nayauliza, na koo je?

"Koo tulisahau kulifungua," linakiri la kulia. "Utusamehe."

Mwenye panga sasa yuko mlangoni mwa stoo. Hajapiga hatua hata moja, ni stoo iliyompelekea mlango. Maboksi yananisukuma kwa nyuma, yote kwa pamoja, na ncha ya panga inagusa kifungo cha pili cha sare yangu. Nikisukumwa shubiri moja zaidi itaingia.

"Kwa mara ya mwisho," anasema kwa upole. "Unaniruhusu?"

Magoti yanaanza kutetemeka. Namwona Mwalimu anaweka kijiko chini na kuinua mkono, ishara ya kwamba mteja akitetemeka asizuiwe. Mtetemo unapanda mapajani, unapita nyonga, unashika tumbo. Kifua kinagonga maboksi. Naogopa kwamba nitakufa, naogopa kwa namna ambayo sikuogopa hata siku yenyewe, na kitu kinapanda kooni kikubwa kuliko koo.

"Mzee Ngailo! Kimbia!"

Mwenye panga aliandika kwenye fomu yake kwamba mteja amekataa. Akanishukuru, akachukua panga lake, akatoka.

Lakini yowe lenyewe halikuishia hewani. Lilisimama uani pa zahanati, likajipangusa vumbi, likaniuliza njia ya Makambako ni ipi. Nilitamani kulidanganya, kwa hofu kwamba litafika. Nikalionyesha. Likaondoka kwa miguu, haraka haraka, kwa kuwa lilikuwa limechelewa.

Nikaamka. Kulikuwa kumekucha, blanketi liko sakafuni, miguu bado inatetemeka na mimi sikuizuia. Nilimuuliza Ambakisye kwenye chai, maana chumba chake kimepakana na changu na ukuta ni mbao tupu, kama alisikia mtu akipiga kelele. Akasema alfajiri alikuwa macho anasali, na palikuwa kimya kabisa.

Nikarudi chumbani kuchukua daftari. Kwenye simu kulikuwa na ujumbe kutoka kwa namba niliyokaa nayo miaka sita.

"Sista Tusekile, mimi Ngailo mlinzi. Alfajiri hii nimekusikia unaniita nikimbie. Nimesikia kwa sikio la kushoto, hili walilolipasua, ambalo halijasikia kitu tangu siku ile. Nimekimbia mpaka barabarani, majirani wamenicheka. Uko salama, mwanangu?"

Nimepiga. Inaita.