Kuku Waliowekwa Ndani

Kibuta nzima ilijua kwamba Mwinyimadi amewaweka kuku ndani kama mwali. Alikuwa ameapa kuchukua zawadi ya kwanza kwenye maonyesho ya kuku bomani Kisarawe, amkomeshe Shomari wa Mbwawa aliyeichukua mwaka uliopita. Basi mitetea wakafungiwa chumba cha uani, wasione jua wala jani, wanalishwa wali mweupe na ugali wa muhogo, wanawe mwenyewe wakigombea ukoko.

Vilemba vya kuku vikapauka kama karatasi. Moyo wa Mwinyimadi ukajaa fahari, akaita majirani.

"Oneni weupe huo! Mwali gani wa hapa aliwahi kutoka hivi?"

"Mwali wako anasinzia wima, shemeji," akasema jirani yake, Sikudhani. Ua mzima ukaangua kicheko.

Bwana mifugo, kijana Salehe, alipopita akafunua kope la mtetea mmoja, akaguna. "Mzee, hawa wameishiwa damu. Wali mtupu hautengenezi damu. Mwili unataka vitamini, nazo zimo kwenye majani. Wape mchicha, na unga huu wa hamira uchanganye kwenye pumba."

"Marahaba," akajibu Mwinyimadi, ingawa hakuna aliyemwamkia.

Salehe alipoondoka tu, unga ukatupwa jaani. "Katumwa na Shomari huyo!" Na mtetea aliyekuwa mweupe kuliko wote akamhamishia chini ya kitanda chake, mbali na macho ya watu. Mkewe, Swaumu, aliyeachiwa kuwalisha waliobaki, akauokota ule unga kimya kimya, akawa anawapa kila siku, na mchicha juu yake.

Asubuhi ya maonyesho Mwinyimadi akafungua chumba. Vilemba vyekundu kama pilipili, kuku wanarukiana!

"Swaumu! Nani kaniunguzia kuku?"

"Hawajaungua, baba Mwanahalima. Wamepata damu."

"Nani kakwambia nataka damu?"

Akawaacha wote. Akamfunika yule mweupe wa chini ya kitanda kwa khanga, akashika njia.

Bomani akamweka mezani mbele ya waamuzi. "Rangi hii, mabwana, haipatikani kwa mchicha."

Kuku akainamisha kichwa kama anayekubali, kisha akalala ubavu, miguu ikanyooka.

"Mzee," akasema mwamuzi, "hapa tunashindanisha walio hai."

Zawadi ikaenda tena Mbwawa. Mwinyimadi njia nzima akawaeleza watu kuwa ni kijicho, kuku kapigwa jicho na Shomari mchana kweupe. Alipofika kwake akakuta habari imemtangulia: ua umejaa, mkeka umetandikwa, na Sikudhani kakaa mbele kajitanda khanga hadi machoni.

"Pole, shemeji. Maiti tumzike leo, au tungoje ndugu wa mbali?"