Spika Mpya za Gari la Mwalimu

Walimwita Besi kwa sababu hakuna gari lililotoka kwenye karakana yake bila kutikisa madirisha ya majirani. Alikuwa fundi wa redio za magari, tena fundi kweli, ila alikuwa na ugonjwa mmoja: alipenda sifa kuliko chakula.

Mwalimu, mzee mstaafu, alimletea gari lake dogo jekundu, lile la paa la kitambaa ambalo ukibonyeza kitufe linafunguka na kujikunja nyuma ya viti.

"Mwanangu, tukifungua paa upepo unameza muziki wote," alisema. "Mama yako hasikii kitu, na mimi masikio yangu ndiyo haya ya kubahatisha."

Besi hakuuliza mara mbili. Aling'oa spika ndogo za nyuma ya viti, akafunga kubwa, zenye sumaku nene kama ngumi.

Sasa, magari ya namna hii yana sheria moja. Ukifunga spika za nyuma, fungua paa ulifunge tena, mara tatu, kabla hujakabidhi ufunguo, maana paa likijikunja hulala mgongoni mwa spika hizo hizo. Besi aliijua sheria hiyo kama jina lake. Lakini siku ile mvua ilikuwa inanyesha, na Mwalimu alishakaa kwenye usukani, anatikisa kichwa, anamwita mchawi. Nani akatize utamu kama huo? Akampa ufunguo.

Siku ya tatu Mwalimu alirudi peke yake. Kitambaa cha paa kilikuwa kimepasuka urefu wa mkono mzima.

"Shikamoo, Mwalimu. Kulikoni?"

"Marahaba. Ni mama yako huyo. Nilimwambia abonyeze tukishasimama kabisa, yeye akawahi. Miaka arobaini na moja sijamfokea mbele za watu. Jana nimemfokea pale kwenye taa, watu wanatutazama. Sasa hataki hata kulisogelea gari."

Besi aliingiza mkono chini ya kitambaa. Mpasuko ulianzia kwenye ukingo wa sumaku, na nyuzi zilikuwa bado zimenasa pale. Mama wa watu hakuwa amewahi wala kuchelewa. Angebonyeza saa yoyote, paa lingechanika tu.

"Vitambaa hivi havitaki papara," alisikia mdomo wake mwenyewe ukisema.

"Ndivyo nilivyomwambia!" Mwalimu alidakia, karibu kwa furaha. "Mungu akubariki, mwanangu."

Dua hiyo ilimchoma kuliko tusi. Siku mbili alishona paa lile kwa mkono, tundu kwa tundu, akazing'oa spika zake na kufunga nyembamba. Alilifungua paa na kulifunga mara ishirini, kana kwamba kuhesabu sasa kungefuta siku ile. Kwenye buti alikuta mto mdogo wa kufuma ambao mama alikuwa akiukalia. Mwalimu alikuwa ameutupia huko, pamoja na jeki. Besi aliutazama akaona aibu, aibu ya kweli, ile inayomfanya mtu mzima akose pa kuweka mikono. Mzigo wake alikuwa amemtwisha mwanamke ambaye hakuwahi hata kumsalimu.

Mwalimu alipokuja kulichukua gari, Besi hakumpa ufunguo.

"Mwalimu, si mama. Ni mimi." Akamwonyesha ile sumaku na nyuzi zilizonasa ukingoni. "Sikulijaribu paa. Juzi ulipokuja nilijua, nikanyamaza."

Alisubiri afokewe, na angeshukuru kufokewa. Mwalimu aliishika ile sumaku, akazivuta zile nyuzi kwa kucha, moja baada ya nyingine.

"Jana ameniomba msamaha," alisema mwishowe. "Alilia. Akasema labda ni uzee, vidole havimtii tena. Nami nikamwambia, haya, nimekusamehe. Nikalala nikijiona mtu mwema kabisa."

Besi alimnyooshea ufunguo.

Mzee aliingia kwenye gari, akanyoosha mkono na kuufungua mlango wa upande wa pili.

"Panda. La kwako utamwambia mwenyewe," alisema. "La kwangu sijui hata nitaanzia wapi."