Glasi Iliyopinduliwa

Umewahi kuingia baa saa nne asubuhi, viti vikiwa bado vimepandishwa juu ya meza? Baa ya saa hizo haina ulevi hata chembe. Inanuka sabuni ya sakafu tu. Miaka ishirini na miwili niliyoendesha yangu, saa hizo ndizo nilizozipenda. Chupa za jana nilizileta mbele ya friji, za leo nikazisukuma nyuma, maana bia iliyosahaulika kule nyuma ndiyo itakayokugombanisha na mteja. Wahudumu wangu wawili walifunga kifungulio kiunoni kwa kamba, na chupa ilifunguliwa mezani, mteja akiona kwa macho yake. Ukiifungulia kaunta, hiyo ni yako, kainywe kwenu.

Wateja wa kudumu walikuwa na glasi zao kwenye rafu nyuma yangu, kila moja na alama ya rangi ya kucha kwenye kitako. Hapo ndipo kanuni yangu ilipokaa. Mke wa mteja, au mama yake, akija kuniambia, "Huyu mtu wangu pombe inammaliza, usimpe tena," nilimpeleka mpaka kwenye rafu, akaipindua glasi ya mtu wake kwa mkono wake mwenyewe. Ikishapinduliwa, mwenye glasi hahudumiwi wala hakai ndani. Na aliyeipindua ndiye peke yake wa kuiinua. Kina mama walinisifu kwa kanuni hiyo, wakanipisha hata kwenye foleni ya maji. Nami sifa zikaniingia kichwani.

Glasi ya mdogo wangu, fundi umeme, aliipindua mama yetu. Mwezi mmoja alikuwa ameanguka kutoka kwenye ngazi mara mbili, na ngazi haikuwa na kosa lolote. Mama alikuja taratibu na fimbo yake, akaipindua, akaniambia, "Usimwonee huruma."

Mdogo wangu akaacha kweli. Mwezi wa kwanza alitetemeka, wa pili akakonda, wa tatu mashavu yakarudi. Mama akafurahi, akasema Jumamosi atakuja kuiinua ile glasi, mwanawe akae na wenzake hata kwa soda. Alhamisi akaugua. Jumamosi hiyo ndiyo tuliyomzika.

Wiki ya tatu baada ya msiba, saa kumi jioni, mdogo wangu alisimama mlangoni amevaa shati lililopigwa pasi.

"Dada, nipe soda nikakae na wale."

Wale walikuwa mwalimu mstaafu na fundi viatu, wanacheza drafti kwa vizibo vya soda, vya mwalimu vimelala kifudifudi, vya fundi chali. Mdogo wangu alikuwa bingwa wao.

"Mama hakuiinua glasi yako," nikamwambia.

"Mama amekufa, dada."

"Amekufa, lakini kanuni ipo. Nikikuruhusu wewe kwa kuwa ni damu yangu, mke wa huyu fundi viatu atanielewaje kesho?"

"Mke wangu mwacheni huko huko alipo!" fundi viatu akadakia. "Mtu nimekuja kupumzika!"

Watu wakacheka. Mdogo wangu naye akacheka, ila alirudi nyuma hatua moja.

Nikampa soda kupitia dirisha la nondo, lile la wanaonunua na kuondoka. Nilijiona nimemtendea wema mkubwa. Akainywa amesimama nje, jua linampiga kisogoni, anachungulia ubao.

"Mwalimu, usile hicho, anakutega!"

"Shoti, nyamaza huko," mwalimu akamjibu. Shoti ndilo jina walilompa kwa ufundi wake wa umeme. "Mshauri wa dirishani hana kura."

Miaka minne alikuja hivyo, soda moja, amesimama. Mwishoni walizoea kumpa kisogo. Siku moja akakuta kiti alichokuwa akikalia zamani kimekaliwa na dereva mmoja mgeni, mwalimu anamfundisha kufungua mchezo. Alitazama kidogo, akaacha chupa nusu dirishani, hakurudi.

Nami sikumfuata. Nilisema ana kazi nyingi.

Nimeifunga baa kwa ajili ya magoti haya, na nikiwa nimekaa bila kazi ndipo lilipokuja la kuniuma: kwani mimi sikuwa mtu wake, wa kuiinua glasi badala ya mama? Mkono wangu ulikuwa hatua mbili kutoka kwenye ile rafu, kila siku, miaka minne.

Juzi nikaenda kwake. Nilimkuta peke yake anatengeneza pasi, anajibizana na mtangazaji wa redio kana kwamba wamekaa meza moja. Akanivutia kigoda.

"Mdogo wangu," nikasema, "pale dirishani ulikuwa unaitamani bia?"

"Bia iliniisha mwilini mama angali hai."

"Basi ulikuwa unafuata nini? Mbona hukunigombeza?"

Akakaza skrubu moja, akaifungua, akaikaza tena. Redio akaizima.

"Nilitaka kukaa, dada," akasema. "Nivute kiti nikae na watu, na wewe uko pale kaunta unaniona."