Breki Hadi Daraja la Ena

Datsun ya kijani iliingia gereji bila kupiga honi, ikapita lango, ikapita pipa la maji, ikasimama tu ilipougonga mti wa mukima. Akashuka mzee ambaye Rwamba, fundi mwenye gereji, hakuwahi kumwona Runyenjes. Aliuomba mti radhi kwanza, kisha watu.

Jina lake lilikuwa Bundi. Alikuwa dereva wa trekta miaka thelathini katika mashamba ya ngano ya Timau. Kwenye kiti cha nyuma alikaa mama yake, Karambu, ambaye mtoto wa jicho alikuwa amemfunika macho yote mawili. Kesho yake, saa nne asubuhi, angepasuliwa hospitalini Embu. Breki zilianza kulegea bondeni Thuci. Bundi aliomba aongezewe mafuta tu, aendelee na safari.

Rwamba alifungua kikopo cha mafuta ya breki kilicho kwenye injini, akadondosha matone kwenye kikombe cha maji. Mafuta ya breki huchanganyika na maji, haya yalielea. Akamuuliza mzee aliweka nini.

"Ya trekta," Bundi alisema, tena kwa fahari. Kwa trekta yake, mafuta yanayonyanyua jembe ndiyo yanayofunga magurudumu.

Kwa Datsun ya mwaka sabini na sita, hayo yalikuwa sumu. Mipira ya ndani ilikuwa imevimba kama maharagwe yaliyolowekwa. Ilibidi yote itolewe, mabomba yaoshwe, mipira mipya itiwe. Njoka, mwenye duka la vipuri, alileta mipira pamoja na chupa ya mafuta namba tano, ya bei kuliko zote. Bundi aliikumbatia. Mama yake alistahili bora.

Rwamba alimwonyesha kifuniko cha kikopo, palipochongwa namba tatu.

"Mzee, namba hizi si madarasa ya shule, kwamba wa tano amempita wa tatu. Tano ni ukoo mwingine, hawaketi chungu kimoja na hawa. Nne ningekubali. Tano, hapana."

Njoka alinuna, akarudi na namba tatu. Rwamba alikagua kama kizibo hakijaguswa, kwa maana chupa iliyokaa wazi hunywa unyevu wa hewa.

Lakini Karambu alikataa kabisa kurudi garini. Barabara hakuiona, alisema, ila alimsikia mwanawe akimwomba Mungu kwa sauti, naye si mtu wa kuomba.

"Nyanya, kesho nitakaa mbele mpaka daraja la Ena, mteremko unapoishia," Rwamba alisema. "Marehemu baba alituachia hivyo: aliyefunga breki ateremke nazo."

Karambu akaushika mkono wake, akapapasa grisi kwenye kucha, akakubali.

Jioni simu ililia. Meneja wa magari wa kiwanda cha chai angekuja kesho saa tatu kuikagua gereji. Ilikuwa kazi ya kutunza malori sita, na Rwamba alikuwa ameisubiri miaka miwili. Aliomba saa tano. Meneja alisema ni saa tatu au ampe mwingine.

Bundi alisikia yote. Akamvuta kando.

"Baki, fundi. Mama haoni. Nitamwambia umekaa pale."

Rwamba alitazama lango lake lililopakwa rangi wiki ile kwa ajili ya meneja huyo. Kisha akarudi chini ya gari kukaza bomba la mwisho.

Asubuhi, saa tatu kasorobo, Datsun ilianza kuteremka. Kwenye kona ya kwanza, mkono mkavu ulitoka nyuma, ukapapasa mgongo wa kiti, ukapanda, ukalipata bega la Rwamba. Haukuondoka. Bundi alikanyaga, gari likatii, tena likatii. Simu ililia mfukoni mwa Rwamba mpaka ikachoka.

Darajani gari lilisimama sawasawa.

"Shuka sasa, mwanangu," Karambu alisema, akaliachia bega.

Rwamba akashuka, akaanza kuupanda mlima kwa miguu.