Kitufe cha Komeo

Gari likikaa bila kuwashwa, king'ora chake hakilali. Kinalinda usiku na mchana, na muda wote huo kinanyonya betri kidogo kidogo, mpaka mlinzi anamuua anayemlisha.

Ndivyo lilivyokufa gari la Komeo. Jina hilo alipewa na majirani kwa sababu ya lango lake lenye kufuli tatu, na dirisha la choo alilolitia nondo, dirisha ambalo hata paka angelipita kwa shida. Tangu kiharusi kilipomwangusha, gari lilibaki uani chini ya turubai, milango imefungwa, king'ora kimetegwa.

Mkewe walimwita Mama Mikate, maana ujanani aliendesha gari la kusambazia mikate, tena lile bovu lenye gia ngumu. Leseni anayo, macho anayo. Alichokosa ni ruhusa. Tangu waoane hajakalia kiti cha dereva cha gari la mumewe. "Gari halitaki mikono ya watu wawili," Komeo alizoea kusema, naye mke akanyamaza, kwa sababu nyumba ina vita vingi na huwezi kupigana vyote.

Sasa Komeo alikuwa amepooza upande wa kulia wote, mkono na mguu, na ulimi nao umegoma. Akili ilikuwa nzima. Ukimuuliza jambo alikubali kwa kichwa au alikataa kwa kichwa. Daktari wa mazoezi alikuwa amemwambia Mama Mikate bila kuzunguka: mkono ule bado una nafasi ya kurudi, lakini mgonjwa asipoletwa mazoezini kila wiki utakakamaa, na ukishakakamaa basi. Wiki mbili zilikuwa zimeshapotea. Dereva wa kwanza wa kukodi alimkunja mzee wa watu kama godoro, wa pili aliahidi kuja na mpaka leo anakuja. Mama Mikate akaona mtegemea cha nduguye hufa maskini. Akamwita fundi wa umeme wa magari.

Fundi alikuja asubuhi na betri mpya begani, mtu mnene mwenye maneno mengi. Alifungua mlango kwa ufunguo, akainua boneti, akatoa spana.

"Unaanza kufungua hasi, mama. Ukianza na chanya, spana ikagusa bodi, utaona cheche ambazo hukuziagiza."

Alikwangua ule unga mweupe kwenye vichwa vya nyaya, akaitoa betri ya zamani, akaweka mpya, akafunga chanya. Alipogusisha hasi tu, king'ora kikapasua mtaa. Mama Mikate akabonyeza rimoti. Akaibonyeza tena. Kikazidi. Majirani wakachungulia juu ya ukuta, na mmoja akauliza kama kuna mwizi. Fundi akauchomoa waya, kukawa kimya.

"Lilizimika likiwa limetegwa, limeamka likiwa limetegwa," alisema. "Linatuona sisi ndio wezi. Na rimoti yake hawajuani tena. Hata nikikata king'ora, injini haitawaka, mfumo umeifunga nayo. Ila mifumo hii ina kitufe cha siri. Unatia ufunguo, unazungusha, unakibonyeza, linatulia. Fundi aliyeufunga mfumo humwonyesha mwenye gari peke yake."

"Mwenye gari yuko ndani," Mama Mikate alisema.

Komeo alikuwa ameegeshwa kwenye mito, ameshavalishwa shati la kutokea. Mkewe akakaa ukingoni mwa kitanda.

"Baba watoto, umesikia kelele. Kile kitufe unakikumbuka kilipo?"

Komeo akakubali kwa kichwa. Moyo wa Mama Mikate ukatulia.

"Kiko chini ya usukani?"

Komeo akatazama dari.

"Chini ya kiti?"

Komeo akageuzia uso ukutani. Mkewe alidhani amechoka na maswali. Akamwita fundi, wakamweka kwenye kiti cha magurudumu, wakamsukuma mpaka uani, wakafungua mlango wa dereva mbele yake ili aonyeshe kwa kidole. Mkono wa kushoto ulikuwa mzima kabisa.

Komeo aliliangalia gari lake kwa muda mrefu. Kisha akanyoosha ule mkono wa kushoto, akakunja vidole: nipe ufunguo. Mama Mikate akampa, akidhani kuna jambo anataka kuwaonyesha. Komeo akautia ufunguo kwenye mfuko wa shati, akaufunika kwa kiganja.

Hapo ndipo Mama Mikate alipoelewa. Mzee hakusahau, wala hakuchoka. Alikuwa anakataa. Siku mkewe atakaposhika usukani ule, yeye ndiyo basi tena, na hilo alilijua kuliko wote pale.

Fundi akakumbuka kwamba spana zake zinahitaji kufutwa, akawapa mgongo.

"Nakuogesha," Mama Mikate alisema kwa hasira. "Nakulisha kwa kijiko. Usiku nakugeuza ubavu usije ukachubuka. Na bado mimi ni wa kufungiwa? Huo mkono ukifa, baba watoto, utaniambia nini?"

Komeo hakumtazama. Machozi yalimtoka jicho moja, lile la upande mzima.

"Tunaweza kuukata mfumo wote," fundi alisema bila kugeuka. "Nyaya zake ziko nyuma ya dashibodi. Ila ufunguo lazima."

Mama Mikate akapiga magoti. Mkono wa kulia, ule mgonjwa, alikuwa akiufungua kila asubuhi kama alivyofundishwa, kuanzia kidole kidogo, taratibu, huku akizungumza naye. Sasa akaushika ule mzima na kuufungua vivyo hivyo. Kidole kidogo. Cha pete. Komeo alikaza kwa nguvu zote alizobakiwa nazo, na hazikutosha. Mke akauchukua ufunguo kifuani mwa mumewe, na aibu ikamshika kana kwamba ameiba kweli.

"Kata," alimwambia fundi.

Fundi akarudisha waya wa betri, king'ora kikaanza upya, akaingia na koleo chini ya dashibodi. Hapo Komeo akatoa sauti, mguno tu, lakini wa mtu anayetoa amri. Akanyoosha kidole. Kisahani cha majivu ya sigara, pale kwenye dashibodi. Mama Mikate akakivuta, akapitisha mkono nyuma yake, akakuta kitufe kidogo kama cha shati. Akatia ufunguo, akauzungusha, akabonyeza. Kimya kikashuka ghafla mpaka masikio yakauma, na alipouzungusha ufunguo tena, injini ikawaka mara moja.

Hakuna aliyepiga makofi. Walimpakia Komeo upande wa abiria, wakamfunga mkanda. Mama Mikate alivuta kiti mbele, akageuza vioo, akatoka langoni kwa uangalifu wa mtu anayejua anaangaliwa na majirani wote. Mumewe alikuwa amefumba macho.

Barabarani ndipo Mama Mikate alipoona. Injini iliponguruma ikiomba gia ya pili, mguu wa kushoto wa Komeo ulikandamiza sakafu, pale ambapo klachi ingekuwa kama angekuwa amekaa upande wa dereva. Macho yamefumbwa, mguu unaendesha. Mama Mikate alikuwa amewahi kidogo kubadili, na mguu wa mzee ukachelewa, ukabaki umekanyaga bure.

Ilipofika zamu ya gia ya tatu, Mama Mikate alisubiri. Injini ikalalamika, gari la nyuma likapiga honi. Aliutazama ule mguu kwa pembe ya jicho, na ulipokanyaga, naye akakanyaga klachi.